Nilikwenda kununua tableti na kipande cha satini mkononi

Mimi ni fundi wa nguo za kike. Cherehani zangu ziko Majengo, Mombasa, chumba cha mbele kinachotazama barabara, na kazi kubwa ni magauni ya harusi na madera ya sikukuu. Siku hizi mteja haji na picha ya karatasi. Anakuja na simu, kioo chenyewe kidogo na kimepasuka, hata shingo ya gauni haionekani sawasawa. Nikaona nitafute tableti: bibi harusi na mamake wakae kitako, waone mshono mmoja kwa pamoja, na vipimo vyote nivihifadhi mahali pamoja.

Ya kwanza niliinunua kwenye meza ya kando ya njia, Digo Road, kwa shilingi 9,000. Sanduku limeandikwa memori ya kuhifadhia 512GB, na RAM, ile memori ya kuendeshea programu, 12GB. Kampuni yenyewe sikuwahi kuisikia, lakini zile tarakimu zilinivuta. Miezi miwili ilifanya kazi vizuri tu. Mwezi wa tatu, harusi ya binti mmoja wa Kisauni imebakisha wiki mbili, nikafungua picha ya gauni lake. Kifua na mikono ipo. Kuanzia kiunoni kwenda chini ni kijivu kitupu. Picha ya pili vivyo hivyo. Ya tatu haikufunguka kabisa. Na daftari langu la vipimo, nililokuwa nimelipiga picha ukurasa kwa ukurasa kisha nikaliweka mbali, kurasa za mwisho zote hazisomeki.

Nilimpigia simu mamake binti, nikamwomba amlete nimpime upya. Walikuja na hawakunilaumu. Lakini mwenye kazi anajua ile aibu ya kumwambia mtu kwamba umepoteza vipimo vya mwanawe.

Mpwa wangu anatengeneza simu Mwembe Tayari, nikampelekea. Aliniambia memori ya kweli humo ndani ni ndogo mno. Programu ndiyo imechezewa iseme 512. Ukifika ukomo wa kweli, picha mpya hazina pa kukaa. Jina la picha linabaki kwenye orodha, picha yenyewe haipo. Akanifunza na hesabu ya RAM: ukiona imeandikwa “4GB + 8GB”, zile nane si RAM, ni nafasi inayoazimwa kutoka kwenye memori ya kawaida, ambayo hufanya kazi polepole zaidi. RAM yako ni nne. Basi mtu akikuuzia 12GB na 512GB kwa bei ya mitungi miwili mitatu ya gesi, jua kuna jambo.

Nilingoja zamu yangu ya chama, nikajipanga upya. Safari hii nilibeba vitu vitatu kwenye pochi: kadi ya memori yenye picha zangu za mishono, daftari, na kipande cha satini ya damu ya mzee nilichokikata kwenye kitambaa cha Biashara Street. Ile satini niliipiga picha mchana mlangoni kwangu, nayo picha nikaitia kwenye kadi. Rangi ndiyo roho ya kazi yangu. Bibi harusi akichagua damu ya mzee kwenye kioo, kisha nikamletea kitambaa kinachovuta kwenye hudhurungi, gauni hilo halivaliki.

Duka lilikuwa Moi Avenue. Kijana akaniamkia, “Shikamoo mama,” akanipa kiti, na nikamwambia mapema kwamba nitamchosha. Akatoa tatu: moja ya bei nafuu ya inchi 10, Samsung Galaxy Tab A9+, na iPad ya kizazi cha tisa iliyotumika, zile wanazoziita ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza.

Nikachomeka kadi kwenye ile ya kwanza, nikafungua picha, nikaweka kipande changu juu ya kioo, ubavuni mwa picha. Rangi ilikuwa kama chai ya maziwa iliyozidi majani. Nikaiinamisha kidogo upande ambao mamake bibi harusi angekaa, rangi ikapauka zaidi. Nikaiweka chini.

Tab A9+ mwanzo nayo ilinipa umanjano, nikakaribia kuikataa. Kijana akagundua kwamba mtu alikuwa amewasha ile hali ya kupunguza mwanga wa buluu wa kukinga macho. Alipoizima, satini na picha zikakaribiana sana, nami nikaibeba hadi mlangoni penye mwanga wa jua nikahakikisha. Kwa hiyo ukienda kuangalia rangi dukani, anza kwa kuzima hiyo, uongeze mwangaza mpaka mwisho, na usiamini taa za dari peke yake. Kioo chake ni inchi 11 chenye nukta 1920 kwa 1200, ndiyo maana hata ushanga mmoja mmoja kwenye lesi ulisomeka nilipovuta picha. Zile za bei ya chini nyingi zina 1280 kwa 800. Kwa video za watoto zinatosha, kwa mtu anayetaka kuona mshono wa mkono hazitoshi.

iPad ilikuwa na rangi nzuri, sina la kusema. Ni ya mwaka 2021, ina chipu ya A13, inchi 10.2. Niliiacha kwa sababu mbili. Haina pa kuchomeka kadi ya memori, na mimi picha zangu ni maelfu. Pili, tableti hiyo kwenye mipangilio haikuonyeshi betri imechakaa kiasi gani, na iliyotumika siwezi kuinunua kwa kukisia. Anayeitaka kama hiyo amwambie muuzaji aifute yote mbele yake, kisha waiwashe upya pamoja mpaka ifike kwenye ukurasa wa kwanza. Ikidai akaunti ya mtu mwingine usiyemjua, mwachie mwenyewe.

Kwenye Tab A9+ nilikagua mambo machache tu. Ndani ya Play Store, kwenye mipangilio, sehemu ya Kuhusu, kuna mstari unaosema kama kifaa kimeidhinishwa na Google; kilikuwa kimeidhinishwa. Nilifungua picha nyeupe tupu kutafuta nukta za kioo zilizokufa, zisizowaka. Nikalinganisha namba ya kifaa kwenye mipangilio na ya sanduku, tarakimu kwa tarakimu. Watu husema bonyeza *#06# uone IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, lakini hiyo ni kwa tableti yenye laini. Ya Wi-Fi tupu haina IMEI, na nilichukua ya Wi-Fi kwa kuwa simu yangu inatoa hotspoti na sikuona sababu ya kununua bando mara mbili.

Halafu malipo. Kijana alinieleza, kwa adabu kabisa, mpango wa kulipa kidogo kidogo: amana 6,000, kisha 100 kila siku kwa siku 365. Mia kwa siku inasikika kama nauli ya matatu. Nikachukua chaki niliyokuwa nayo kwenye pochi na nyuma ya daftari nikapiga hesabu: 36,500 na 6,000 ni 42,500. Taslimu ilikuwa 31,000. Hiyo tofauti ya 11,500 kwangu ni cherehani ya mkono iliyotumika. Tena vifaa vya mkopo huwa na programu ya kuvifunga ukichelewa kulipa, na mimi miezi ya baada ya Idd huwa mikavu. Kingejifunga siku ya kumvalisha bibi harusi ningefanyaje? Asiye na njia nyingine achukue, lakini apige hiyo hesabu kwanza kwa mkono wake.

Risiti ilikuwa na maneno yale ya kila duka, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwomba aandike namba ya kifaa, waranti ya mwaka mmoja, na mhuri. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili na ya kulipwa hasara inayotokana na kasoro. Kule Digo Road sikuwa na karatasi yoyote ya kuidai haki hiyo.

Sasa ni mwezi wa tano tangu niinunue hiyo Tab A9+. Niliyochukua ni ya memori 64GB na RAM 4GB, nikaongeza kadi. Inakubali kadi hadi 1TB, na picha zote za wateja naziweka huko, nakala nyingine ipo kwa mpwa wangu. Betri ni ya 7,040mAh: nikiichaji usiku, asubuhi mpaka Isha inanifikisha, hata stima ikipotea mchana. Uzito wake ni kama nusu kilo, bibi mzee anaishika bila kuchoka. Hewa yetu ya chumvi hula kila kitundu cha chuma, kwa hiyo nimeishonea mfuko wa kitambaa kizito wenye kifuniko, na haichomekwi chaji mikono ikiwa na maji.

Kuchora ndiko hakujanipata vizuri. Tab A9+ haikutengenezewa kalamu ya S Pen, nami nachora kwa kalamu ya ncha ya mpira, inayotosha kumwonyesha mteja mkunjo wa kola lakini si kuchora gauni zima. Fundi anayechora kwelikweli aangalie Galaxy Tab S6 Lite, ambayo kalamu yake inakuja ndani ya sanduku, na aende nayo mlangoni mwa duka na kitambaa chake.