Kuvuka Jangwa la Chalbi hadi Ziwa Turkana kwa gari la kukodi na kiongozi mwenyeji: uzoefu wangu

Huduma niliyolipia ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni Land Cruiser ya dizeli pamoja na dereva, kutoka kampuni moja ya kukodisha magari jijini Nairobi. Ya pili ni kiongozi mwenyeji tuliyemchukua Marsabit, mzee wa Kigabra aliyeendesha malori ya mifugo kwa miaka mingi katika njia zilezile tulizokuwa tunakwenda kupita. Ya kwanza naipa alama za wastani. Ya pili sina alama za kuitosha.

Njia yetu ilikuwa ule mzunguko unaopendwa na wengi: Nairobi, Isiolo, Marsabit, kisha kuacha lami na kushuka Maikona, Kalacha na North Horr hadi Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana, halafu kurudi kwa barabara ya Laisamis. Sijui njia nyingine nchini Kenya inayokubadilishia sura ya nchi haraka namna hii. Asubuhi uko kwenye ukungu wa msitu wa Mlima Marsabit, alasiri uko kwenye uwanda mweupe wa chumvi usio na hata kichaka, na kati ya hizo mbili umepita mawe meusi ya volkano yaliyotapakaa hadi upeo wa macho.

Hadi Marsabit hakuna la kuogopa. Barabara ya Isiolo hadi Moyale ilitiwa lami yote katika muongo uliopita, na zile kilomita 500 na ushei kutoka Nairobi unazimaliza kwa siku moja ukiondoka alfajiri. Mlima Ololokwe utauona upande wa kushoto baada ya Archer's Post; simama uutazame. Baada ya Merille punguza mwendo, maana ngamia wana haki ya barabara kuliko wewe. Kupanga kwenyewe kunaanza pale lami inapoishia.

Nianze na gari. Injini ilikuwa na nguvu, breki nzuri, na dereva alikuwa mtu mpole asiyependa kukimbia. Lakini kampuni iliahidi spea mbili, na nilipozikagua uani kwao kabla ya kulipa salio, ya pili ilikuwa tairi kuukuu lenye nyufa ubavuni. Waliniambia hiyo ni ya dharura tu. Nikawaambia dharura ndiyo ninayoilipia. Tulibishana hadi jua likawa kali, wakabadilisha. Pampu ya upepo ilikuwepo, kipimo cha upepo hakikuwepo. Jeki ndefu ilikuwepo, ubao wa kuiwekea chini haukuwepo, na jeki bila ubao kwenye mchanga inazama badala ya kuinua gari. Vyote viwili vilipatikana, lakini baada ya kuvidai. Kwa hiyo ukienda kuchukua gari, nenda siku moja kabla ya safari, ufungue, uguse, uombe kila kitu kiwashwe mbele yako. Usione haya.

Kilichonisikitisha zaidi kilikuwa ratiba yao. Waliiandika kutoka kwenye ramani: Marsabit hadi Loiyangalani siku moja, tena katika mwezi wa Aprili. Anayeijua Chalbi hawezi kuandika hivyo. Uwanda ule ulikuwa sakafu ya ziwa zamani za kale, na hauna mahali pa kutolea maji. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, maji ya Mlima Marsabit, Huri Hills na Mlima Kulal huteremka kwa laga, yaani mito ya msimu, na kutuama humo, na ule udongo wa chumvi hugeuka tope linaloweza kushikilia gari mpaka jua lirudi kulikausha. Mvua za Oktoba hadi Desemba ni vivyo hivyo. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba na tena Januari na Februari, ndiyo ya kupangia.

Hili nililipata kwa kiongozi, kwa simu, kabla hajapokea hata shilingi. Alinisikiliza nikimsomea ratiba, kisha akaniuliza tuko wangapi, nani ana ugonjwa wa kudumu, na tutabeba maji ya siku ngapi. Ndipo akasema, "Mwanangu, Aprili mwachie ngamia. Njoo Agosti, na usilale Loiyangalani siku ya kwanza. Lala Kalacha." Nikamwambia, "Sawa mzee, tumekubaliana." Ratiba nzima ikajengwa upya juu ya sentensi hizo.

Kuhusu mafuta, Marsabit ndiyo mahali pa mwisho pa kutegemea kituo cha kawaida. Mbele utayakuta kwenye madumu, kwa bei ya juu, na pengine usiyakute. Hesabu ya kufanya ni rahisi ila wengi huifanya kwa ulaji wa lami. Gari linalotumia lita 12 kwa kilomita 100 kwenye lami linaweza kutumia 18 au zaidi likipambana na mchanga laini. Chukua kilomita za mzunguko wako kutoka Marsabit hadi utakaporudi kwenye lami, zipigie kwa ulaji wa mchangani, kisha ongeza robo nzima kwa ajili ya kupotea, kurudi nyuma na kuzunguka tope. Sisi tulijaza tangi na madumu mawili ya lita 20, tukayafunga juu ya gari wala si ndani mnamokaa watu.

Maji tulipanga lita tano za kunywa kwa kila mtu kwa siku, mbali na ya kupikia, na juu yake akiba ya siku mbili ambayo haikuguswa mpaka tulipoiona lami. Kalacha kuna chemchemi na mikoma inayoipa oasisi ile kivuli, lakini maji ya ukingo wa Chalbi yana ladha ya chumvi, na visima vya jangwani vina wenyewe. Mfugaji aliyetembea siku nzima na ngamia wake ana zamu yake kisimani, na mgeni anaomba. Kiongozi wetu ndiye aliyekuwa akishuka kwanza, akisalimia, akieleza sisi ni nani, kabla sisi hatujafungua mlango. Suala la picha alilimaliza vivyo hivyo: kwanza ruhusa, kisha kamera, na palipokataliwa kamera ilibaki mkobani.

Sasa nifike kwenye kile kilichonifanya niandike. Tulipotoka Maikona tukaukuta uwanda wenyewe, mweupe, mkavu kwa macho, na mbele kabisa mazigazi yakicheza hata ungeapa kuna ziwa. Ramani ya simu ya dereva ilichora mstari ulionyooka katikati. Dereva akataka kuufuata, na kwa kweli ungetupunguzia safari. Mzee akamgusa bega: "Kijana, simama kidogo." Akashuka, akatembea mbele hatua kadhaa, akakanyaga kwa kisigino. Ule ukoko wa chumvi ukapasuka kwa mlio mdogo, na chini yake, katikati ya Agosti, udongo ulikuwa mweusi na mbichi. Akachukua kidogo kwa vidole, akausugua, akaurudisha chini. Kisha akainama kutazama alama za magurudumu. Zile ambazo kingo zake zimelainishwa na upepo akazipuuza. Akazitafuta zenye kingo kali, za siku hiyo au ya jana yake, zilizobebwa na ardhi bila kuzama. Zilikuwa zimepinda kufuata ukingo wa uwanda kuelekea Kalacha. Tukazifuata. Tulichelewa, na tulifika.

Hakuna programu ya ramani itakayokuambia hilo. Sisemi uziache. Pakua ramani isiyohitaji intaneti ukiwa bado Isiolo, kwa mfano Organic Maps, kwa kuwa mtandao wa simu hupatikana kwenye vituo na kukatika katikati yake. Lakini ramani inajua barabara ilipita wapi, haijui leo inapitika wapi.

Upepo wa tairi nao una ufundi wake. Kwenye lami tulikuwa na presha 35. Kwenye mchanga laini mzee alitushusha hadi 20, gari likaacha kuchimba na kuanza kuelea. Dereva alidhani tutabaki hivyo hadi ziwani, lakini tulipokaribia eneo la mawe kati ya North Horr na Loiyangalani mzee aliagiza tusimame tujaze tena kiasi. Tairi lililolegea kwenye mchanga linakubeba. Kwenye mawe ya volkano ubavu wake unatokeza nje na kuchanwa. Hata kwa tahadhari hiyo jiwe moja lilitukata ubavuni, na ubavu hauzibiki kwa kiraka. Tulifunga spea, na kuanzia hapo tukawa tumebaki na ile moja niliyoibishania Nairobi. Waliosafiri nami hawakusema kitu tena juu ya ule ubishi wa asubuhi.

Loiyangalani inahitaji angalau usiku mbili. Ziwa Turkana ndilo ziwa la kudumu la jangwani lililo kubwa kuliko yote duniani, na ukilitokea kutoka kwenye mawe yale meusi, rangi yake ya kijani inashtua. Usitarajie kuingia majini popote upendapo. Mamba wapo, na wenyeji wanajua sehemu zao. Tembelea jumba la makumbusho ya jangwa lililo juu ya ziwa, na vijiji vya Waelmolo, jamii ndogo ya wavuvi ambayo imeliishi ziwa hili kwa vizazi. Upepo ni habari nyingine. Unavuma usiku kucha hadi asubuhi, na hema lisilofungwa kwa mawe litaondoka. Tulikuwa tumehifadhi vyumba vya kawaida mjini, na kwa maoni yangu ni uamuzi bora kuliko hema.

Upepo huohuo ndio unaozungusha mitambo 365 ya mradi wa umeme karibu na Sarima, wenye uwezo wa megawati 310. Kwa msafiri faida yake ni barabara: ile ya kutoka Laisamis, zaidi ya kilomita 200, iliboreshwa ili kupitisha mitambo hiyo, na ndiyo tuliyorudia. Wengine hupenda kurudi kwa South Horr, Baragoi na Maralal, njia yenye milima mizuri sana, lakini usalama wake hubadilika. Mzee alipiga simu kila jioni kwa watu wa kituo kinachofuata kuuliza hali, na hatukuondoka mahali popote kabla hajapata jibu. Huduma hii haikuandikwa kwenye karatasi yoyote ya malipo.

Mambo mawili kampuni ilipaswa kuyashauri na haikuyashauri. La kwanza ni uanachama wa uokoaji wa AMREF Flying Doctors. Kutoka ukingo wa Chalbi hospitali kubwa iko mbali mno kwa gari, na ndege ndiyo tumaini. La pili ni kifaa cha mawasiliano ya setilaiti, angalau kimoja kwa kila gari. Cha kwetu tuliazima kwa rafiki, tukakitumia kutuma mahali tulipo kila jioni ili walio nyumbani walale.

Je, ningekodi tena gari kwa kampuni ileile? Ndiyo, kwa sharti la kulikagua na kutoifuata ratiba yao. Kwa gharama, gari na mafuta yake vilichukua sehemu kubwa ya bajeti, na ujira wa kiongozi ulikuwa mdogo ukilinganisha na hivyo. Kumpata si kazi: uliza kwenye nyumba ya wageni utakayolala Marsabit, wiki kadhaa kabla, na umtafute mtu aliyeendesha au kuchunga njia hiyo, si anayejua tu kuisimulia. Mpangie chakula na malazi sawa na ya dereva. Mkirudi kwa Laisamis yeye atashukia hapo kupanda basi la kurudi Marsabit, na nauli hiyo iwe juu yako.