Mtumbwi wa plastiki wa mita 4.8 ukiwa peke yako mtoni: uzoefu wangu

Mtumbwi huu ni wa polietilini, wa watu wawili: urefu mita 4.8, upana sentimita 88, uzito kilo 34. Nautumia peke yangu kwenye mto Lufira, na kwa mito ya huku Lubumbashi naupendelea kuliko ile mifupi ya mita tatu, ambayo ukipakia hema na chakula huzama hadi karibu na ukingo.

Jambo kubwa ni kiti. Mtu mmoja akikaa kile cha nyuma, omo (ncha ya mbele) hunyanyuka na upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi huizungusha unavyotaka. Kaa kiti cha mbele, utazame nyuma: kipo karibu zaidi na katikati. Hili linawezekana ncha zote mbili zikiwa na umbo moja na kiti kiwe cha ubao au mikanda. Kile cha plastiki kilichofinyangwa kama beseni hakikaliki kinyume. Kabla hujalipa, piga magoti ndani, matako yaegemee ukingo wa kiti, halafu vuta miguu haraka kutoka chini ya kiti ukiwa na viatu. Kiatu kikinasa dukani, kitanasa pia mtumbwi ukipinduka.

Hata hivyo omo hubaki juu kidogo. Tia lita 18 za maji kwenye bidoni la lita 20, lilaze mbele kabisa na ulifunge kwa kamba fupi. Hewa iliyobaki hulifanya lielee.

Chini pawe na mviringo kidogo kutoka ncha hadi ncha, pasiwe na mkuku (ule ukingo unaochomoza chini katikati). Mkuku hukwama kwenye mawe maji yakipungua, mkondo ukausukuma ubavu, na hapo ndipo watu wanapinduka. Uweke kwenye sakafu ya saruji: vidole vipite chini ya ncha zote mbili, kama sentimita 5 hivi. Ukilala bapa kabisa, kugeuza peke yako ni kazi ya punda.

Lawama yangu ni joto. Jua la Oktoba hulainisha plastiki, na mtumbwi uliowekwa juu ya magogo mawili hubonyea tumbo. Ulaze kifudifudi kivulini, na juu ya gari usikaze kamba kupita kiasi. Ukipasuka, gundi haishiki. Peleka kwa fundi anayeziba mabeseni kwa chuma cha moto.

Pirogi ya mti (mtumbwi wa gogo) ni nafuu, sawa, lakini inapasuka ikikauka, na kuibeba peke yako kuzunguka maporomoko sahau.

Kafi refu la mvuvi anayesimama halikufai. Keti, pima kutoka kitini hadi puani, ongeza urefu wa bapa lake (sehemu pana ya kafi): huo ndio urefu wa kafi lako. Chukua na kafi la pili, ulifunge ndani. Mengine ni kopo la kutolea maji mtumbwini na kamba ya mita 5 kila ncha. Habari za mamba waulize wavuvi wa sehemu hiyohiyo kabla hujashusha mtumbwi.