Toti ya kaunta au robo iliyofungwa?

Kwenye baa za Nairobi, pombe kali huuzwa kwa toti, kipimo kidogo kinachomiminwa kaunta, au kwa robo, chupa ndogo iliyofungwa. Robo haina ubishi: mililita 250, na muhuri unaukata mwenyewe. Sheria ya vileo ya 2010 ilipiga marufuku vile vifuko vya plastiki vya pombe, na pombe kali hairuhusiwi kupakiwa chini ya kiasi hicho.

Toti ndiyo yenye maneno. Ikiwa ya mililita 30, robo inatoa toti nane na theluthi. Zidisha bei ya toti kwa nane, linganisha na bei ya robo, uone faida iko wapi. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura 513, inataka kipimo cha biashara kikaguliwe na kipigwe chapa. Basi kitazame kile kikombe cha chuma. Kinajaa hadi ukingoni, au mkono unakiinamisha mapema? Barafu nyingi huficha upungufu vizuri ajabu. (Uingereza, baa huchagua mililita 25 au 35 kwa jini, ramu, vodka na wiski, na haichanganyi vipimo hivyo viwili.)

Peke yangu, toti moja, imiminwe nikiona. Tukiwa watatu, robo.