Programu ya kuchagua mafuta ya nywele: maswali au kamera?

Kila anayebuni programu ya simu ya kumshauri mtu anunue shampuu au mafuta gani hukwama hapa: tumuulize maswali, au apige picha ya nywele zake?

Kwa gharama, maswali yanashinda bila jasho. Sita yanatosha, na simu ya bei ya chini huyaendesha hata bando likiisha. Kamera inadai maelfu ya picha za kuifundishia. Zikiwa nyingi za nywele laini, kipilipili cha 4C, yaani aina yenye mikunjo midogo iliyobana kuliko zote, kitasomwa ovyo.

Kwenye uhakika ndipo penye utata. Kamera huona mkunjo, haioni kwamba mwezi jana ulitia dawa ya kulainisha. Nywele zikisukwa, haina la kusema. Mtumiaji naye, ukimuuliza nywele zake ni aina gani, hubahatisha. Muulize zikilowa hukauka baada ya muda gani, hilo analijua.

Matunzo ya programu yenyewe? Orodha ya bidhaa huchakaa kote kuwili.

Mko wawili na mfuko mwepesi, anzeni na maswali. Mwenye saluni ambazo wateja wameridhia kupigwa picha ajaribu kamera, hasa kwa vijana wasiopenda kujaza fomu.