Plagi za PL-259 za madukani Tanga: mezani sawa, juu ya paa hapana

Plagi za PL-259, zile za kuunganisha kebo ya antena na redio, unazozikuta kirahisi kwenye maduka ya vifaa vya redio Ngamiani ni zile za kung'aa: mwili umepakwa nikeli, ndani plastiki nyeusi, jina la kiwanda hakuna. Kwa kebo fupi ya mezani, kati ya redio na mita ya SWR (inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudi kutoka kwenye antena), zinatosha na bei haiumi. Kuzipandisha juu ya paa Raskazone, au kuzifunga kwenye boti, ni kujitafutia kazi.

Ubaya wake huuoni dukani, unauona ukishika soldaringi. Solda haishiki vizuri kwenye nikeli. Inajikusanya na kuteleza. Fundi anazidisha moto, plastiki inalainika, pini inalala upande, plagi ndiyo imekwisha. Kwangua kwa tupa kuzunguka yale matundu manne mpaka rangi ya njano itokee, kisha piga moto mkali wa muda mfupi kwa soldaringi ya wati 80 hadi 100. Ile ya wati 30 ya mafundi simu itaivisha plastiki kabla mwili haujashika moto.

Kwa kebo nyembamba ya RG-58 dai na ridusa ya UG-175, kipande cha kupunguza tundu, maana tundu la plagi ni la kebo nene kama RG-213. Pete ya kukazia itangulie kwenye kebo, ndipo ridusa (wangapi wamelehemu vizuri kabisa, pete imebaki mezani!). Menya ganda la nje milimita 19, kunja neti ya shaba juu ya ridusa uipunguze ibaki milimita 10 hivi, waya wa kati uache wazi milimita 16. Uzi mmoja wa neti ukigusa kati, tayari ni shoti.

Zilizopakwa fedha zenye Teflon nyeupe ni ghali zaidi, ila hizo ndizo za kununua. Solda inazama yenyewe na Teflon haijali moto huo.

Hata hizo, lakini, hazizuii maji. Na kwa hewa ya chumvi ya huku, maji yakishapenya kwenye pete yanatambaa na neti chini ya ganda. Zungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, uivute kwa nguvu, uanzie chini kwenda juu ili mizunguko ipandane kama vigae. Malizia na tepu nyeusi ya umeme kuikinga na jua.

SWR ikiruka masika, anza na plagi. Chomoa kebo pande zote mbili kwanza, kwa sababu antena nyingi zinasoma shoti kwenye multimita hata zikiwa nzima. Multimita ikiwa kwenye mlio, kati kwa kati ilie, neti kwa neti ilie, kati kwa neti iwe kimya. Tikisa plagi huku ukipima. Kisha funga mzigo bandia wa omu 50 (kifaa kinachokaa mahali pa antena wakati wa kupima) upande wa antena: SWR ikishuka karibu na 1:1, huenda tatizo liko juu, kwenye antena.

Ogopa zaidi SWR iliyojirekebisha yenyewe huku wenzako hawakusikii. Kebo iliyolowa inameza nguvu inayopanda na inayorudi pia, kwa hiyo mita inakuonyesha uzuri wa uongo, na multimita nayo haitakwambia kitu. Kata plagi, menya: neti ikiwa nyeusi au ya kijani, endelea kukata hadi shaba safi. Ukimaliza mita nzima bado nyeusi, nunua kebo nyingine.