Swala pala, pofu na bega lako: .308, .30-06 na .375, nakwambia ipi ununue

Iringa kamwene, Mbeya ndaga fijo, na nyie wengine wote mliko huko salama tu. Leo nipo nyumbani Mafinga, saa nne asubuhi hii na bado nimevaa koti kama mnavyoniona, ukungu ndo kwanza unaanza kuachia. Mezani hapa kuna bunduki tatu, zote tupu, boliti, yaani komeo la kuingizia risasi, ziko wazi, nimeangalia mimi na mdogo wangu anayeshika kamera naye ameangalia. Hii na hii ni zangu kwa leseni, hii moja niliirithi kwa mzee tukabadilisha jina kihalali, na hii ya tatu nene nene ni ya jirani na mwenyewe yule pale kakaa kwenye stuli anatuangalia, maana silaha haiazimwi kama jembe.

Sasa swali linalokuja kila siku ni kaka mimi nataka kuanza kuwinda kwa leseni, ninunue bunduki gani, kaliba gani, yaani upana na aina ya risasi yake. Na wengi mnakuja mmeshaangalia video za Wamarekani wanaongelea kulungu wao. Sawa, lakini tuelewane kwanza, kulungu yule wa Marekani mwenye mapembe ya matawi matawi kwetu hayupo kabisa, sisi tuna jamii ya swala. Ila hesabu haziko mbali, kulungu wao mkia mweupe dume linacheza kilo 60 mpaka 130 hivi, swala pala dume wetu kilo 50 mpaka 75. Kwa hiyo bunduki inayomtosha kulungu wao swala pala inammaliza bila shida. Tatizo la kwetu linakuja hapa, kwenye pori hilohilo ulilomfuata swala pala anakatiza tandala mkubwa kilo 250, na pofu dume ambaye anavuka kilo 600 huyo ni ng'ombe kabisa, na leseni yako inaweza kuwa na wote. Mmarekani hana hiyo shida, yeye anachagua bunduki ya mnyama mmoja.

Tuanze na hii, .308 Winchester. Imetoka 1952, na ndugu yake wa kijeshi ndo ile 7.62 ya NATO. Ganda lake ni milimita 51, fupi, kwa hiyo na bunduki inakuwa fupi na nyepesi. Risasi ya greini 150, greini ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi, inatoka mita 860 kwa sekunde. Ukiiziro mita 100, yaani ukiirekebisha ipige pale unapolenga, kwenye mita 200 inashuka sentimita kumi na kitu, basi, na nikuulize wewe, kwenye miombo ya Chunya huko mita 200 utaziona wapi? Mimi mnyama wangu wa mbali kabisa nilipima kwa hatua zikafika 140, wengine wote ni 60, 80, 90. Majani yakiwa bado hayajaungua hata hiyo 60 unaomba Mungu.

Na hii ya mzee ni .30-06. Hiyo sita ya mwisho ni mwaka, 1906, jeshi la Marekani ndo lilipoichukua. Kichwa cha risasi ni kilekile cha .308, upana uleule, ila ganda refu, milimita 63, baruti nyingi zaidi. Faida yake unaiona ukipanda kwenye vichwa vizito, greini 180 na 200, hapo ndo inaanza kuiacha .308. Kwa swala pala hutaona tofauti, nakwambia kabisa hutaona, atakayekwambia anaona anataka kukuuzia. Kwa pofu naona tofauti, siyo kubwa lakini ipo.

.270 ya mwaka 1925, nzuri, inanyooka sana, ni ya watu wa mbuga wazi. .243 nzuri kwa tohe na swala pala na haina teke la kukupiga begani, ukiwa na mke au kijana mwenye leseni anayejifunza ni hiyo, ila pofu usimwonyeshe hata mtutu wake. Shotgani na zile gololi kubwa, mwisho mita 30, ukizidisha hapo unatawanya majeruhi porini. Tumepita.

Ngoja hapa kwenye 9.3x62 nikae kidogo kwa sababu ni stori inayotuhusu. Hii ilibuniwa 1905 na fundi wa Berlin anaitwa Otto Bock, na aliwalenga Wajerumani waliokuwa wanakuja makoloni ya Afrika, na koloni lenyewe mojawapo ndo hapa tulipokaa. Walikuwa wanataka bunduki moja ya bei nafuu ya kila kitu, swala wa kitoweo mpaka mnyama mkali, sasa Bock akatafuta risasi ya milimita 9.3 inayoingia kwenye Mauser 98, bunduki ya Kijerumani, ya kawaida bila kuichonga chonga chuma chake. Kichwa greini 286, kinatembea polepole, na nyama hakiharibu sana, ndo raha yake. Ningeipata hiyo leo na risasi zake zingekuwa zinapatikana kirahisi hii video ningeifunga hapa. Lakini hazipatikani kirahisi. Nimezunguka miaka miwili, nilipata boksi moja, na muuzaji alinitajia bei nikamuuliza kama boksi lina bunduki ndani.

Na hilo ndo la kwangu kubwa leo, kaliba siyo ile iliyoandikwa kwenye mtutu, kaliba ni risasi utakayoipata dukani mwakani na mwaka unaofuata, na utakayoweza kununua za kupigia shabaha kabla hujaenda porini. Mtu ana risasi sita za maisha, anazitunza kama mbegu, hajawahi kupiga hata moja kwenye karatasi, halafu anaenda kumpigia mnyama wa serikali. Ndo maana mimi nasema .308 au .30-06, ile ambayo duka lako linaleta, nenda kaulize KABLA ya kununua bunduki, siyo baada.

Sasa hii nene ya jirani. .375 H&H, ya tangu 1912, greini 300. Kwa nyati kanuni zetu zinataka .375 kwenda juu, kwa hiyo kama ndoto yako ni nyati hakuna mjadala. Lakini vijana mnaniandikia mnataka .375 ya kuanzia, kwa swala, eti ikitosha nyati si itatosha kila kitu. Itatosha. Ila teke lake ni kama mara mbili ya .30-06, na hii bunduki ya jirani, CZ 550, ina zaidi ya kilo 4 inayokusaidia kulimeza, na bado. Mwezi uliopita nilipiga tano kwenye uwanja wa shabaha, ya kwanza na ya pili zilikaa vizuri, ya tatu nikaanza kufumba jicho kabla ya kuvuta triga, ya nne sijui ilienda wapi mpaka leo, jirani anacheka pale. Ukishaanza kuiogopa bunduki yako umekwisha, unavuta triga kama unang'oa jino, risasi inaenda tumboni kwa mnyama, na .375 ya tumboni haina maana yoyote mbele ya .243 iliyoingia nyuma ya bega.

Haya, bunduki zenyewe. Hii .308 ni Tikka T3x, ya Finland, kitako cha plastiki. Watu wa zamani wanaidharau, wanaona kama mdoli. Boliti yake, sikilizeni... umesikia? Laini kama droo mpya. Uzito wa kuvuta triga unaurekebisha mwenyewe kati ya kilo 1 na 2. Nisichokipenda ni magazini, ya plastiki, inabeba tatu, na ikidondoka kwenye majani ndo imeenda, nunua ya akiba. Na kwa sababu ni nyepesi, kilo 3 hivi, teke lake ni kubwa kuliko unavyotegemea kwa .308.

Hii ya mzee ni Brno ZKK 600, ya Chekoslovakia enzi hizo. Chuma kitupu na mbao. Ina kucha ndefu hapa kwenye boliti, inaishika risasi tangu inatoka kwenye magazini mpaka inaingia chemba, kwa hiyo hata ukiwa umekaa vibaya umepinda inaingia tu. Angalizo mbili. Kwanza sefti, ile kufuli ya usalama, ya hizi za zamani ni kinyume na bunduki nyingine, mbele ndo imefungwa, ukivuta nyuma ndo iko tayari, kama umezoea nyingine utajichanganya na hili siyo la kuchekea. Pili, ringi za kufungia skopu, darubini ya kulengea, ni za kwake peke yake, zile za kawaida hazikai, usinunue skopu soko la Mwanjelwa kule Mbeya ukadhani utafunga jioni hiyohiyo.

Halafu mbao. Aisee mbao. Niwape aibu yangu. Mwaka mmoja niliiziro hii bunduki hapahapa Mafinga, mvua za Machi, kila kitu kimelowa, ikakaa vizuri kabisa kwenye karatasi. Julai tukaenda na leseni kwenye eneo tulilopangiwa, mbele ya Makongolosi huko, joto, vumbi, ndorobo wanakula watu, na mbao iliyokuwa imevimba kwa unyevu wa huku imekauka na kujikunja, imegusa mtutu upande mmoja. Mimi sijaangalia. Swala pala dume, hatua 90, amesimama ubavu, nikalenga nyuma ya bega nikasikia puu, siyo ile sauti ya mfupa, ni ile ya tumbo. Tulimfuata masaa matatu na askari wa wanyamapori, haniambii kitu, ananiangalia tu, na ule ukimya wake ulikuwa mbaya kuliko matusi. Tulimpata, tukammaliza. Na mjue mnyama ukimjeruhi hata asipopatikana ni wako, ameshahesabika kwenye leseni. Kurudi kambini nikapiga karatasi, risasi imekaa sentimita 15 kulia.

Tangu siku hiyo nafanya hivi, sogeza kamera. Nachukua noti ya buku, naipitisha kati ya mtutu na mbao, inatakiwa iteleze mpaka huku karibu na chemba. Ikikwama, fundi apunguze mbao halafu apake mafuta. Na ukishafika porini, piga risasi mbili za karatasi kabla ya kuwinda, kama utaratibu wa hapo unaruhusu, hata kama uliziro jana. Kitako cha plastiki hakina haya mambo, hapo Tikka inamshinda mzee asubuhi na mapema.

Vichwa vya risasi haraka haraka maana betri inalia. Vile vya kijeshi vilivyofunikwa shaba mpaka puani usivitumie, vinatoboa vinapita, mnyama anaenda kufia mbali. Chukua ncha laini, inafunguka ndani. Kwa pofu chukua vilivyotengenezwa visivunjike, kama Nosler Partition, hiyo wanaiuza tangu 1948, ina ukuta katikati, mbele inafunguka nyuma inaendelea kuzama. Skopu, ya kukuza mara 3 mpaka 9 inatosha, iache kwenye 3 ukitembea, watu wanatembea na 9 swala anatoka hatua 40 wanaona manyoya matupu.

Na kibali, jamani. Silaha inaanzia serikali ya mtaa inapanda mpaka polisi, sheria yake ya 2015, mnyama ni TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Ndani ya hifadhi ya Ruaha hakuwindwi, usiku hakuwindwi, na gobore la babu lisilo na leseni usiende nalo hata kama ni urithi. Ukikamatwa usiseme uliniangalia mimi.

Yule kijana wa Chunya aliyeuliza, una hela ya bunduki moja na unataka swala na pofu. .30-06, kitako cha plastiki, greini 180, maboksi matatu ya risasi za kupigia karatasi kwanza. Haya jirani amesimama anataka chuma chake, ngoja nimkabidhi.