Cha Kuweka Chini ya Godoro la Trela Lisiote Ukungu

Machi mwaka jana niliinua godoro la trela letu la safari, kijumba cha kulala kinachovutwa na gari, ili nitoe shuka, nikakuta upande wa chini una madoa meusi kuanzia mabegani hadi magotini, kama vile kuna mtu aliyechorwa kwa mkaa. Plaiwudi iliyolibeba ilikuwa imelowa mpaka kidole kikaacha alama. Na trela halivuji. Mume wangu alipiga maji paa, madirisha na maungio yote kwa mpira wa bustani, halikuingia hata tone. Maji yale tulikuwa tumeyatoa wenyewe: pumzi na jasho la watu wawili kwa siku tano tulizokaa karibu na msitu wa Hoh, kule Hifadhi ya Taifa ya Olympic, jimbo la Washington, Marekani, ambako mvua hupita mita 3 kwa mwaka.

Ukilala, joto la mwili linausukuma mvuke wa jasho kushuka ndani ya sponji. Ukifika kwenye ubao uliopigwa na baridi ya nje, unageuka maji, kama glasi ya maji ya barafu inavyolowa kwa nje mezani. Kwetu Tanga kitanda kina chaga, hewa inapita, na godoro likishika unyevu unalianika juani asubuhi, alasiri unalirudisha limekauka. Kwenye trela dogo godoro linalalia ubao mtupu, ubavuni limebanwa na ukuta wa alumini, na jua la Washington la mwezi wa 11 halikaushi hata taulo.

Kwa hiyo kabla hujatafuta godoro, tafuta cha kulitenganisha na ubao. Urefu, upana na dhamana sitavigusa, hivyo muuzaji yeyote atakuelezea. Mimi nina jambo moja tu: chini ya nyonga kunabaki nafasi kiasi gani?

Mkeka wa kwanza niliununua mtandaoni kwa dola 60. Picha ilionyesha nyuzi za plastiki zimesimama wima kama dodoki, na kweli ulipofika ulikuwa na unene wa sentimita 2. Tulipolala mara tatu nikaupima kwa rula. Miguuni, sentimita 2. Kichwani, moja na nusu. Nyonga zinapokaa, milimita 4, nyuzi zimelala kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Yaani pale pale mwili unapobana godoro kwa nguvu na kutoa joto jingi, hewa haikuwa na pa kupita. Doa jipya lilianzia hapo.

Hakuna tangazo linalokwambia habari hii, basi jipimie mwenyewe. Weka kipande sakafuni, kipigie goti moja kwa uzito wako wote, mwenzako amulike tochi ya simu kwa pembeni. Mwanga ukitokea upande wa pili, toa pesa. Usipotokea, kirudishe siku hiyo hiyo.

Sasa bidhaa tatu za kutandika chini ya godoro. Ya kwanza: Froli. Naipenda Froli na sitaficha. Ni ya Ujerumani, na wenye boti na karavani kule Ulaya wanaijua vizuri. Ni vipande vya plastiki vyenye umbo la nyota, vinashikana kimoja na kingine, na kila kimoja ni springi ndogo yenye kimo cha kama sentimita 3. Kikibanwa kinabonyea, lakini hakilali chini kabisa, na kati ya nyota na nyota hewa ina njia. Unazipanga kufuata umbo la kitanda chako hata kama kona imekatwa. Kitanda chetu cha watu wawili kilinigharimu zaidi ya dola 300, na nilipiga magoti mchana mzima kuzipanga. Tumeshasafiri mara nne. Kila safari naliinua godoro asubuhi ya mwisho, na ubao nimeukuta mkavu. Mara moja tu nilikuta umande kwenye kona, godoro lilipokuwa likigusa ukuta. Nililipunguza sentimita 3 upande ule, ukaisha.

Ya pili: HyperVent. Huu ni mkeka wa vitanzi vya plastiki vigumu vilivyogandishwa kwenye kitambaa cheupe, unene kama inchi robo tatu, na utaupata kwenye maduka ya vifaa vya boti. Unakatwa kwa mkasi, dakika kumi umemaliza. Chini ya nyonga unapungua lakini haufi. Kwa anayelala peke yake, au kwa kitanda kilichokaribiana na dari, ningeuchukua huu bila wasiwasi.

Ya tatu: chaga za Luröy za duka la fanicha la IKEA. Nilizinunua tawi la Renton. Ni imara na bei yake ni nzuri, ila ukizitandika moja kwa moja juu ya plaiwudi pengo ni dogo mno. Lazima uziinue kwa vibao vya pembeni, na mwenye trela dogo anajua kila inchi inayokwenda juu ni inchi anayogonga kichwa.

Vya bei rahisi: mikebe ya kalsiamu kloridi, chumvi inayonyonya unyevu, inasaidia trela likiwa limefungwa uani, chini ya godoro haifiki. Mikeka ya sponji ya kuchezea watoto inaziba hewa, iache.

Lakini kama unawasha hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi, hata Froli haitakuokoa. Kilo moja ya propani ikiungua inazaa kama kilo 1.6 ya maji. Kile kimtungi cha kijani cha gramu 450 kinakumwagia karibu robo tatu ya lita hewani, ndani ya chumba kama kabati, achilia mbali hewa ya sumu. Fungua madirisha mawili kidogo, hata kukiwa na baridi.

Sasa wauzaji. Trela la maelfu ya dola, wanakuwekea godoro juu ya ubao ambao hauna tundu hata moja. Niliporudi na picha za madoa niliambiwa nifungue dirisha. Dada mmoja wa Tacoma aliambiwa aliache godoro ndani ya nailoni lake lisichafuke. Ndani ya miezi miwili likawa na uvundo, na dhamana wakamkatalia kwa sababu lina doa. Halafu, ingawa nilisema saizi sitaigusa, hili linaniuma: godoro la kawaida la watu wawili ni inchi 60 kwa 80, la trela ni 60 kwa 75. Sponji pungufu, bei juu! Nilipouliza nikajibiwa ni saizi maalumu.

Nilichukua la kawaida, la sponji tupu lisilo na springi, nikalikata inchi tano miguuni kwa kisu cha mkate na kushona upya foronya yake. Niliokoa dola 140, na kile kipande ndicho anachokalia mwanangu tukiwasha moto.